Picha ya Siku Niliyopigwa

Mtu wa kwanza kunizaba kibao kwa sababu ya picha alikuwa muuza fremu kuukuu mnadani. Alikuwa amezitandaza chini juu ya turubai, anaziuza kwa ajili ya vioo vyake, na ndani ya moja alikuwamo bibi harusi aliyekwanguliwa uso kwa kitu chenye ncha mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwuliza nani kamfanyia hivi mtoto wa watu. Aliona namtuhumu yeye, na kumbe sikuwa mbali na ukweli, kwa sababu bibi harusi yule alikuwa mkewe. Kibao kilitua sikioni, nikasikia mluzi humo ndani kwa siku kadhaa. Lakini picha niliondoka nayo. Nilimwambia achague, anipe picha au niite mwizi, na mnadani ukishaita mwizi hakuna anayeuliza mwizi ni nani.

Nimeanza na hilo ili mtu asije akadhani kukusanya picha za kale ni kazi ya watu wapole. Ofisini kwetu hapa Dodoma, ambako mimi ni karani wa masijala, wenzangu wanaamini kwamba jioni nyumbani Nkuhungu nakaa na makopo yangu ya picha nikinywa chai na kutabasamu. Hawajaziona picha zenyewe. Picha ambazo watu wanazitunza ni za harusi na kipaimara. Zile zinazotupwa, ambazo ndizo zinazonifikia mimi, mara nyingi zimetupwa na mtu mwenye hasira. Nina kopo zima la biskuti la watu waliokatwa vichwa kwa wembe. Nina familia ambayo baba amebaki miguu tu, viatu vimeng'arishwa vizuri. Nina askari aliyetobolewa macho kwa sindano, tena taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua kudarizi. Waliomo siwajui, waliozipiga siwajui, na wenye wembe na sindano siwajui pia. Ninachojua ni kwamba siwezi kuona uso wa mtu umelala chini unakanyagwa nikapita kama sijauona. Hasira hasara, wanasema. Mimi hasara zake nimeshazizoea.

Kiroba cha picha za Kongwa nilikitoa motoni. Mama lishe mmoja wa pale stendi ya Kongwa, ambaye nilishamwachia namba yangu na kumweleza ugonjwa wangu wa picha, alinipigia asubuhi kuniambia kuwa watoto wa mpiga picha fulani marehemu wanachoma vitu vya studio ya baba yao. Nyumba ilikuwa imeuzwa na mnunuzi alitaka aikute tupu. Nilipofika moto ulikuwa umeshakolea. Mikanda ya picha ikiungua hutoa moshi unaokaba koo kama pilipili kavu, na bahasha zilikuwa zinafunguka zenyewe kwa joto, nyuso zinachungulia nje, zinajikunja, zinapasuka. Mtoto mkubwa wa marehemu, mtu wa miraba minne, alikuwa anazisukumia ndani kwa jembe.

Sikuomba. Nilitia mkono. Alinivuta kwa nyuma ya gauni likachanika, nikamng'ata, akanitupa. Niliangukia kiganja, na kiganja kiliangukia makaa. Nikainuka nikarudi palepale, mkono mmoja nauning'iniza na mwingine unachota, huku yeye akinipiga mateke ya makalio mbele ya majirani waliokuja kutazama. Dada yake ndiye aliyemzuia. Alisema niachwe nichukue nyuso za wafu nikakae nazo, na mikosi yao iniandame mimi. Nikamshukuru kwa baraka hiyo, nikajaza kiroba.

Zote zilikuwa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mtu alikuwa anapigwa picha, anaambiwa arudi baada ya juma, halafu anahama, au anafariki, au anaona safari ya kwenda na kurudi haina maana. Yule fundi marehemu hakuwahi kutupa hata moja. Sijui kwa nini watoto wa watu kama hao huwa wanazaliwa na kiberiti mkononi.

Joto na maji waliyomwagia moto mwishoni vilikuwa vimezigandisha nyingi pamoja. Picha zilizogandana huzivuti, ukivuta unachuna sura ya mmoja na kuibandika mgongoni kwa mwenzake. Unazilaza kwenye beseni la maji safi na kusubiri, nazo huachana polepole kwa wakati wao. Kisha unazianika juu ya chandarua, ndani, mbali na vumbi letu la Dodoma ambalo linaingia hata kwenye mayai. Masizi unayafuta kwa pamba yenye unyevu. Humo nilimkuta mwanamke aliyekaa kwenye kiti amepakata mtoto, kitambaa kichwani, picha imeungua ukingoni, na doa jeusi limemfunika jicho na shavu lote la kushoto. Moshi huo, nilisema. Nikasugua kwa pamba. Nikasugua tena na sabuni kidogo. Doa halikutikisika, nikamweka kwenye kopo la walioharibika.

Nilimpa mama lishe picha chache azionyeshe watu wa Kongwa, labda mtu atamjua mtu. Haikupita muda mrefu simu yake ikaita tena, ila safari hii aliyeongea alikuwa mwanamke mzee aliyeazima simu hiyo pale stendi. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, kila neno analiweka chini kwanza ndipo analichukua linalofuata. Tulisalimiana. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza nyumba yangu na watu wangu. Kisha akasema:

"Mwanangu, natafuta picha yangu. Ya siku niliyopigwa."

Nikamwuliza alipigwa wapi. Akasema hapo hapo Kongwa, na picha ilibaki studio, hakurudi kuichukua. Amekaa, amepakata kifungua mimba wake. Swali lililofuata nawauliza wote, kwa kuwa nilishasikia kuwa yule fundi alikuwa na wasaidizi waliokuwa wakizunguka vijijini na kamera.

"Nani alikupiga, mama?"

"Mume wangu."

Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Wapiga picha wa vijijini hufa bila mtu kuwajua, na sasa nilikuwa nimempata mmoja kupitia kwa mkewe. "Kumbe mzee anajua kupiga?"

Akacheka kicheko kikavu. "Anajua, mwanangu. Anajua sana."

Nikataka kujua kama alikuwa akipiga mara kwa mara au ni siku ile tu. Akasema mara kwa mara, ila sikukuu ndiyo ilikuwa zaidi. Hilo nalo liliniingia akilini bila shida, kwa sababu mpiga picha gani anakosa kazi Krismasi na Pasaka?

Akanieleza kwamba anaihitaji picha kabla ya kikao cha ukoo. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe, na ukoo ulikuwa unakaa kumrudisha. "Akirudi kule mara hii, atauawa," alisema, kwa sauti ileile ya kuniuliza habari za nyumbani. Hapo nilimwelewa vizuri. Ambacho sikuelewa ni picha inahusianaje. Nilidhani anataka binti aondoke na sura ya mama yake, kama watu wanavyopeana picha wanapoagana na mtu wasiyetegemea kumwona tena. Nilitaka kuuliza, lakini salio likaisha. Nilipompigia mama lishe, bibi alikuwa ameshaondoka. Alinielekeza tu kijiji na siku ya kikao.

Nilizipitia picha zote za Kongwa. Wanawake waliopakata watoto walikuwa wengi, wote wananitazama kwa macho yaleyale ya mtu aliyeambiwa asipepese. Nikaamua kwenda nazo mwenyewe azichague kwa mkono wake. Dakika ya mwisho nikatia kwenye kopo la safari na zile za kopo la walioharibika, maana huwezi kujua. Nikaomba ruhusa kazini nikidai naumwa jino, nikapanda basi, nikashuka Mbande, nikachukua bodaboda ya kwenda kijijini. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeandaa hata maswali ya kumwuliza mzee, alitumia kamera gani, alisafishia wapi mikanda yake.

Niliwakuta wanaume wamekaa kwenye mabenchi uani, upande wa kivuli cha nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mzee mrefu aliyenyooka, mzee wa kanisa, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni, fimbo imelala mapajani. Kando yake alikaa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza kikao. Mtoto wa kwanza wa mzee, mwanamume aliyeanza mvi, ndiye aliyeinuka kunipokea. Alinipa mkono wa kushoto huku akiomba radhi, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umepinda kiwikoni na haukunyooka. Kwenye jamvi, peke yake, alikaa binti. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu na kukutana utosini, na alikuwa anatema mate kwenye kopo kwa sababu hakuweza kuyameza. Mama alikuwa jikoni akiwapikia wanaokata shauri.

Baadaye binti alinisimulia kwamba nilipopiga hodi baba yake ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusema. Alikuwa amesema kwamba yeye na mama yao wamekaa pamoja ujana mpaka uzee na mkono wake haulijui shavu la mke wake. Mwanamke anayejua kukaa hapigwi. Kwa hiyo binti akajifunze kukaa, na arudi kesho. Ukoo mzima ulikuwa umeitikia kwa vichwa, kaka mtu akiwa wa kwanza, maana ng'ombe wa mahari ya dada yake ndio waliomwolea yeye mke wa pili.

Mimi sikuyajua hayo. Kikao kilisimama, kama desturi, ili mgeni aulizwe habari. Nikatoa shikamoo zangu kwa mstari, nikasema natoka Dodoma, nakusanya picha za zamani, na nimemletea mama picha zake. Kisha nikamgeukia mzee, nikamwambia kwa tabasamu langu lote:

"Na wewe mzee nimefurahi kukuona kwa macho. Mama ameniambia ni wewe uliyempiga. Amesema unajua sana kupiga, na sikukuu ulikuwa hukosi. Nilitaka kukuuliza, ulifundishwa na nani?"

Niliona shingo ya mzee ikitoka mishipa juu ya kola, nikafikiri ameona haya kusifiwa mbele za watu, nikaongeza kwamba asione haya, watu wa kazi yake wamebaki wachache.

Fimbo ya kwanza ilinipata begani. Ya pili nilikingia mkono, nikasikia mfupa ukilia. Ya tatu ilitua kichwani na damu ikashuka ikaniziba jicho. Alikuwa mzee wa miaka mingi, lakini alipiga bila haraka, kwa kupima, anachagua mahali. Hakutukana wala hakuhema. Hata nikiwa chini, hata nikiwa sielewi kwa nini napigwa, kitu fulani kilinionyesha kuwa mkono ule umezoea. Nilitupa kopo la picha kwa nguvu zangu zote likampata puani, naye akayumba. Likafunguka na picha zikamwagika uani, juu ya mchanga na damu yangu na damu yake.

Wanaume walimshika, wakamketisha kwenye kiti, fimbo bado mkononi. Mdogo mtu alikuwa amesimama ananinyooshea kidole, anasema mgeni wa aina gani huyu anayeingia boma la watu na kumtukana mwenye nyumba mbele ya ukoo wake. Alisema mzee amechokozwa, na hata malaika angechokozeka.

"Nimemtukana nini?" nilipiga kelele. "Nimesema alikuwa mpiga picha!"

Binti ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka. Kucheka kwa taya lililovunjika ni jambo baya kulitazama. Alikuwa anashika kitambaa kwa mikono yote miwili, machozi yanatiririka, sauti inatoka puani, na hakuweza kuacha. Nilimtazama akicheka, na neno lenyewe likanigeukia kichwani kama nyoka. Kiswahili chetu kinapiga kila kitu. Tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga kura, na mwenye kamera na mwenye fimbo tumewapa neno moja. Mwanamke aliniambia kwa lugha nyepesi kuliko zote kwamba mumewe alikuwa akimpiga, hasa sikukuu, nami nikamwuliza kama anajua kupiga. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira.

Mama alikuwa ametoka jikoni, mwiko wa ugali bado mkononi. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Hakunitazama mimi, wala mumewe. Alitazama picha zilizotapakaa, akaweka mwiko chini, akapiga magoti akaanza kuziokota moja moja, akipuliza mchanga. Aliokota wanawake wengi akawaweka pembeni. Alipofika kwa yule wa doa aliganda.

"Hiyo imeharibika, mama," nilisema, damu inaniingia mdomoni. "Imeingia moshi. Nimejaribu kulisafisha doa, halitoki."

"Hilo si doa, mwanangu," alisema.

Nilikuwa nimemsugua yule mwanamke jicho lake kwa sabuni.

Aliinuka, akaenda kuiweka picha juu ya benchi mbele ya shemeji yake. Alisema ni yeye. Alisema siku ile alitoka nyumbani kwa miguu mpaka Kongwa akiwa na mtoto mgongoni, apigwe picha aitume kwa baba yake mzazi, ili aje amchukue. Fundi alimsihi arudi uvimbe ukipungua, atoke vizuri. Yeye alikataa, akamwambia apige hivyohivyo. Hakurudi kuichukua kwa sababu alipofika nyumbani alipigwa tena, mara hii kwa kosa la kutoka. Baba yake alikufa bila kujua. Hayo yote aliyasema akiwa amesimama wima, bila kulia, na wanaume walitazama miguu yao.

Mdogo mtu aliichukua picha. Aliitazama karibu, akaitazama mbali. Kisha akairudisha benchini, akasafisha koo, na akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Mwanamke aliyeumia namwona. Lakini aliyempiga hayumo humu. Katika picha, aliyepiga haonekani."

Baadhi walitikisa vichwa kukubali. Sikuamini masikio yangu. Ushahidi ulikuwa juu ya benchi, damu yangu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye fimbo ya mzee, binti alikuwa anatema mate kwenye kopo, na watu wazima walikuwa wanakubaliana kwamba aliyepiga haonekani. Mwingine akaongeza kwamba mwanamke huweza kuanguka kisimani akaumia vilevile. Niliona kikao kinajikusanya upya, kama maji yanavyorudi mahali pake ukitoa mguu. Binti atarudi kesho. Niliona hata yeye ameshakubali, mabega yamemshuka.

Mama hakubishana nao. Alichukua picha benchini akampelekea mtoto wake wa kwanza.

"Na huyu niliyempakata," alimwambia, "unamjua?"

Kaka mtu aliitazama. Nami nikaikumbuka vizuri picha ile ambayo nilikuwa nimeishika mara nyingi juu ya beseni. Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa mkono wa kulia, kuanzia begani mpaka vidoleni, na pembeni mwa kitambaa vilichomoza vijiti. Nilidhani ni namna ya kumbeba.

"Mimi nilianguka," kaka mtu alisema taratibu. "Kwenye mkokoteni wa punda. Nimeambiwa hivyo tangu nipate akili."

"Hatujawahi kuwa na punda," mama alisema.

Kaka mtu akaugusa mkono wake uliopinda kwa mkono mzima, akaupapasa kiwiko kana kwamba ni mara ya kwanza kukutana nao. Kisha akainuka. Mzee alimwona anakuja akajaribu kuinua fimbo, lakini mwanawe aliishika katikati akaipokonya, na pigo la kwanza lilimwangusha baba yake kutoka kwenye kiti. Lilikuwa pigo la mkono wa kushoto. La pili lilimpata kifuani. Shati jeupe lilichanika, vifungo vikaruka, benchi likapinduka, wajomba na baba wadogo wakarukiana, mmoja akaanguka juu yangu. Nilisikia mzee akiguna chini kila fimbo iliposhuka, na sitasema uongo, nilisikia raha. Niliomba moyoni asiache.

Aliyemzuia ni mama. Aliingia katikati yao, mfupi namna ile, akaushika mkono uliopinda, ule usio na fimbo.

"Wewe usianze," alimwambia. "Nimekulea. Usianze."

Fimbo ilianguka. Kaka mtu alikaa chini mchangani, mtu mwenye mvi, akalia kwa sauti. Alilia akimtaja mke wake, wa kwanza na wa pili, na hapo nilitambua kwamba mama alikuwa amechelewa, kwamba mwanawe alikuwa ameshaanza kupiga zamani. Naye mama alitambua. Niliona uso wake ukibadilika, na hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyoviona siku ile.

Hakuna aliyetamka uamuzi. Mdogo mtu alisema kikao kimekwisha, akavaa kofia yake. Mama aliingia ndani akatoka na mfuko wa nguo za binti, akautia mikononi mwangu. Aliniambia niondoke naye sasa hivi, kabla hawajapoa. Nikamwambia aje na yeye, chumba kipo. Akamtazama mumewe aliyekuwa ameegemezwa ukutani, mtu anamfuta pua, akasema yeye ameshakaa. Niliiokota picha yake mchangani, nikampa. Aliikataa.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Hapa itawashiwa moto."

Hospitali walinishona kichwa, na binti wakamfunga taya kwa waya. Anaishi kwangu Nkuhungu mpaka leo. Mumewe alikuja mara moja, akapiga teke geti mpaka bawaba ikang'oka, akaapa kwamba atamtoa mkewe humo ndani na matumbo yake mkononi. Binti alimtokea na mchi wa kinu, taya bado lina waya, hawezi hata kumjibu. Alimpiga gotini, kisha alipoinama akampiga kisogoni, na majirani walikuwa na kazi ya kumtoa binti juu yake. Polisi walimchukua mume, wakatuuliza na sisi maswali mengi. Hajarudi. Binti ananisaidia kutenganisha picha sasa, ana subira kuliko mimi, ila akiona mwanamke mwenye doa usoni haligusi mpaka aniite.

Picha ya mama nimeitia kwenye karatasi isiyo na asidi, peke yake, nimeiondoa kwenye kopo la walioharibika. Doa sikuligusa tena.

Mama hupiga kwa simu ya mama lishe kila anapopata nafasi. Anaongea na binti kwanza, kisha anaomba aongee na mimi. Ananiuliza kichwa kimeponaje. Ananiambia mvua imenyesha au haijanyesha, mtama umesimamaje, mzee pua yake imepinda lakini anaenda kanisani. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamkatiza nikamwuliza kwa neno lilelile, sasa nikijua ninachouliza.

"Mama, tangu tuondoke, mzee amekupiga?"

Nilisikia pikipiki ikipita stendi, na sufuria za mama lishe zikigongana.

"Bado," alisema.